Mwaka Nilioikuza Sura ya Bibi Minza

Tulimzika Shija Jumamosi alasiri, juu kule Mkuyuni, ambako wachimbaji walilazimika kulihamisha kaburi mara mbili kwa sababu ya mawe. Mzee alikuwa amepiga picha za nusu ya mji huu, lakini picha iliyowekwa juu ya jeneza lake ilikuwa ya simu, imekuzwa hadi pua ikavunjikavunjika. Niliitazama nikaona aibu kwa niaba yake. Tuliporudi nyumbani kwa marehemu, kinamama walikuwa wameshapakua wali, na kwenye mkeka wa nyuma, karibu na masufuria, nilimwona Limi. Alikuwa amekuja kutoka Geita alikoolewa. Miaka mingi tulikuwa tunatumiana salamu tu kwa simu, za Krismasi na za misiba. Alinyanyuka, akanishika mabega akanigeuza kwenye mwanga kama anayekagua kitenge. "Editha, mama, umeota mvi." Nikamwambia na yeye ameota. Tukacheka kidogo, kwa sauti ya msibani, tukakaa. Nikajua siku hiyo sitaondoka bila kumwambia jambo nililolificha tangu tukiwa wasichana, na sahani ikawa nzito mkononi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi na Limi tulipanga chumba kimoja Kirumba, nyuma ya uwanja wa mpira, chumba ambacho siku za mechi kelele za mashabiki zilitikisa bati kama mvua ya mawe. Yeye alikuwa anauza dagaa soko la Mwaloni, mimi nilikuwa nimeajiriwa studio ya Shija, mitaa miwili kutoka hapo. Kitanda kilikuwa kimoja, jiko la mkaa moja, na kamba moja ya nguo ambayo upande wake ulinuka dagaa na upande wangu ulinuka dawa za picha. Jioni tulikula ugali wa muhogo na mapanki, mifupa ile ya sangara inayobaki viwandani, Limi akiichambua kwa vidole kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo. Ukuta wa kati haukufika darini, kwa hiyo kila aliloongea jirani lilikuwa letu pia. Jirani alikuwa utingo wa lori la pamba. Usiku mmoja tulimsikia akimwambia mgeni wake, "Wamemmaliza mwingine kule." Mgeni akauliza ni nani. "Bibi mmoja. Si yale yale, macho." Kisha vijiko vikaendelea kugonga sahani. Nikamwona Limi amesimamisha tonge karibu na mdomo. Mimi, mtoto wa Bukoba, niliyelelewa kati ya migomba na kengele za kanisa, niliona hayo ni mambo ya watu wengine. Nilijigeuza nikalala.

Shija wakati ule alikuwa na miaka kama arobaini, mrefu, mpole, mwenye kucha zilizogeuka rangi kwa dawa. Kila jioni ambayo hakuna mteja alinichukua hadi kwenye majabali ya ziwani, tukaifunga kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, tukangoja jua lizame. Watu wengi hufunga kamera jua likishazama. Yeye ndipo alipofungua. Alinifundisha kwamba baada ya jua kuzama kuna robo saa hivi ambapo mbingu na maji huwa na mwanga sawa, na kwamba robo saa hiyo haisubiri mtu anayetafuta filamu mfukoni. Tulibonyeza kwa waya ili mkono usiitikise kamera, tukahesabu kwa sauti, nane, kumi na tano, thelathini, huku mitumbwi ya dagaa ikiwasha karabai moja moja huko mbali. Katika picha taa zile zilitoka kama nyuzi, kwa sababu mawimbi yalikuwa yakizipandisha na kuzishusha wakati sisi tunahesabu. Nilizipenda picha zile kuliko chochote nilichowahi kukifanya. Lakini wateja walitaka sura, hawakutaka nyuzi za taa, na kwa sura za gizani studio ilikuwa na flashi moja, mpya, ya kuchomeka juu ya kamera. Shija hakuipenda. "Mtu wa jioni mpige kwa stendi," aliniambia. "Mwambie atulie, hesabu mbili, tatu. Flashi iache kwa ajili ya kumbi." Sikumwuliza kwa nini. Flashi ilinifanya nijione fundi.

Mwezi wa kwanza kaka yake Limi alioa, kijijini kwao, mbele ya Magu, mahali ambapo majaruba ya mpunga yanashuka mpaka yanagusa matete ya ziwa. Nilienda kupiga picha kama zawadi. Huko ndiko nilikokutana na Bibi Minza, mama mzaa baba yake Limi, mjane, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Alinipokea kwa maziwa mtindi na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, akakaa karibu akanitazama nikila. "Kura, mjukuu wangu. Huko kwenu mnakura ndizi tu, ndiyo maana huna nyama." Macho yake yalikuwa mekundu kidogo kwa moshi wa samadi anayopikia, kama ya kila mama wa kijiji kile ambacho kuni zake ziliisha zamani. Alikuwa na masikio mazito. Ukitaka akusikie ulipaza sauti, au ndivyo sote tulivyoamini. Alikuwa akilima majaruba matatu mazuri kuliko yote, aliyoachiwa na mume wake. Mtoto wa mke mwenzake, Maduhu, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu sana, alikuwa akilima juu, kwenye mchanga.

Jua lilipokwisha kuzama bibi harusi akaomba picha ya ukoo wote. Stendi nilikuwa nimeiacha Kirumba, ilikuwa nzito. Nikachomeka flashi. Watu kama ishirini walijipanga mbele ya zizi, na Bibi Minza nikamweka katikati, kwenye kigoda. Alikuwa anatazama chini. Nikapaza sauti, "Bibi! Angalia hapa! Angalia mkono wangu!" Akainua uso, akanikazia macho kwa utiifu wa mtoto wa shule. Wakati huo huo ndama akaruka zizini, wote wakageuka kumtazama, na mimi nilikuwa nimeshabonyeza.

Picha zilisafishwa mjini zikarudi baada ya wiki. Katika ile ya ukoo watu ishirini walikuwa wakitazama pembeni wakicheka, na katikati yao alikaa mwanamke mmoja akinitazama, na macho yake yalikuwa makaa mawili. Limi aliiona kwanza akacheka, kisha akaigeuza kifudifudi mezani. Shija hakucheka. Alifunga mlango wa studio ndipo akanieleza. Giza likiingia mboni ya jicho hufunguka kutafuta mwanga. Flashi ikiwaka inapita moja kwa moja hadi nyuma ya jicho, kwenye damu, inagonga inarudi kwenye lenzi na rangi ya damu ile. Yeyote atakayeitazama kamera jioni itamtokea, mtoto, padri, yeyote. "Lakini wewe hujui hii picha inakwenda wapi," alisema. "Kule macho mekundu ni ya mchawi, mtu anaweza kufa kwa jicho. Chukua wino mweusi, kila nakala, kila jicho. Isitoke hata moja." Nilipaka nakala nane kwa brashi ya nywele tatu, nikiona anazidisha. Zikaenda kijijini.

Baada ya siku kumi Maduhu alikuja studio. Shija alikuwa amevuka kwenda Ukerewe kupiga picha za wanafunzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa upole, akatoa nakala yake kwenye bahasha. Alisema anataka sura ya mama yake mdogo peke yake, kubwa, ya kutundika ukutani. Nikafurahi, ilikuwa mara ya kwanza mteja kuniletea mimi kazi ya kukuza. Kisha akalowesha kidole kwa mate, akakisugua taratibu juu ya uso wa Bibi Minza. Wino ukatoka. Macho mekundu yakatutazama.

"Hapa pamepakwa kitu," alisema.

"Ni kasoro ya flashi, baba. Tunarekebisha."

"Usirekebishe. Mwache kama alivyo."

Nimeirudia sentensi hiyo maisha yangu yote. Wakati ule pia niliisikia vizuri, sitasema sikuisikia. Lakini alikuwa mtu mzima, mpole, mwana wa nyumba ile, na mimi nilikuwa na kazi yangu ya kwanza. Nikaipeleka negativu mjini nikaagiza sura moja, kubwa kama trei ya chai, bila wino. Alipoifuata aliitazama kwa muda mrefu, akaifunga kwenye gazeti, akanishukuru.

Haikupita wiki mbili, Limi alikuja studio kutoka Mwaloni mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Binamu yake alikuwa amefika na lori la mpunga. Mbwa wa Bibi ameokotwa amekufa, mdomo una povu. Miche ya mpunga imeng'olewa usiku, jaruba moja zima, ikapangwa mlangoni kwake. Na pale kilabuni, penye pombe ya kienyeji, kuna picha kubwa imesimamishwa mezani, watu wanapita kuitazama. Mtoto wa jirani amekufa kwa homa, na wanaume wanaiuliza ile picha kwa nini. Shija alikuwa amerudi asubuhi ile. Alimsikiliza Limi hadi mwisho, kisha akasema, bila kumtazama yeyote, "Nani aliikuza?"

"Labda kule mjini," nikasema. "Labda kuna mtu aliwapelekea mwenyewe."

Shija alifungua droo ya negativu. Bahasha ya harusi ile ilikuwa juu, si mahali pake. Aliishika, akairudisha, akafunga droo. Hakunitaja, wala siku ile wala baadaye. Alichukua kamera, flashi na filamu nne, akatuambia twende.

Tulifika jua likiwa linashuka. Bibi Minza alikuwa uani anapepeta mpunga kana kwamba hakuna kitu, ila nyuma ya mlango niliona panga. Shija alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wakaongea muda mrefu, na mwenyekiti, mtu mwoga lakini si mbaya, akakubali kuwaita watu. Walikuja wengi kuliko nilivyotaka. Wanaume walisimama kwa makundi, mikono nyuma. Picha ile ikaletwa, ikapita mkono kwa mkono, na kila ilipopita watu walimtazama Bibi kisha wakatazama chini. Shija alisubiri giza la kwanza. Ndipo akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kwamba mashine ndiyo inayotia wekundu ule, na kwamba kama hawamwamini awapige wao, mmoja mmoja, na kila mmoja aitazame mashine kama Bibi alivyoitazama. Atazisafisha atazirudisha, wao wahukumu. Mwenyekiti alitangulia. Akafuata mzee wa kanisa, kisha vijana kwa kusukumana. Maduhu alikuja kati yao bila kuitwa, akasimama mbele ya kamera, akatazama.

Shija aliondoka na lori alfajiri. Mimi na Limi tukabaki na Bibi siku tatu, na sijui siku nyingine zilizonizeesha kama zile. Mchana kijiji kilikuwa kijiji: watu wanapalilia, watoto wanachunga. Jua likishaanza kuinama, majirani waliwaita watoto wao ndani mapema, wala hakuna aliyepita mbele ya ua wetu. Jioni ya kwanza niliona mtu amesimama kwenye kingo za majaruba, mbali, hafanyi kitu. Nilimhesabia, kama nilivyofundishwa kuhesabu nikingoja picha. Nilifika mia tatu, hakusogea. Kisha giza likammeza, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana sasa angeweza kuwa popote. Tulilala watatu kwenye ngozi moja ya ng'ombe, Bibi katikati. Yeye alilala. Mimi na Limi tulisikiliza nyayo zikizunguka nyumba, au ng'ombe, au mioyo yetu.

Jioni ya pili Limi alikuwa ameenda kisimani. Maduhu aliingia uani, akasalimia, akakaa kwenye kigoda kama mwenye nyumba. Bibi alimletea matobolwa akarudi kwenye kinu chake, hatua chache tu, akaendelea kutwanga. Maduhu alikula taratibu. Kisha akanigeukia.

"Mpiga picha, ile kazi uliyonifanyia ilitoka safi sana. Hata kilabuni wanaisifu mikono yako."

Nilimtazama Bibi. Mchi ulikuwa unapanda na kushuka vile vile. Nikashukuru kwa masikio yake mazito, nikaona aibu kwa kushukuru.

Siku ya tatu, saa kumi na moja, Shija alirudi. Watu wakajaa. Alizigawa picha moja moja, kila mtu na yake. Kwanza kila mtu aliinamia yake. Kisha mke wa mwenyekiti akapiga yowe la kicheko: macho ya mumewe yalikuwa mekundu kama ya fisi kwenye taa za gari. Mzee wa kanisa naye. Vijana nao, wote. Kicheko kikazagaa, watu wakiinuliana picha, wakigongana mabega, na niliwaona watu wawili watatu wakimwendea Bibi kumshika mkono. Mimi nilikuwa nalia. Nilijua tumeshinda. Maduhu aliitazama picha yake mwenyewe, macho mekundu kuliko ya wote. "Basi sote wachawi," akasema, na watu wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. Aliikunja katikati akaitia mfukoni, akaondoka kwa njia ya majaruba, taratibu, akiyapita moja baada ya jingine kama mtu anayepima.

Usiku ule Shija alikuwa na furaha, anasimulia. Bibi Minza alimsikiliza, kisha akasimama akaanza kukunja kanga zake ndani ya shuka.

"Bibi, unafanya nini?" Limi akauliza. "Yameisha."

"Yameisha ya macho," alisema. "Wale wengine walikuwa wanaogopa macho. Wamecheka, hawaogopi tena. Yule hakuwa anaogopa. Yule anataka kulima. Niondoeni kabra hakujakucha."

Hakutaka kuchukua zaidi ya shuka ile, chungu kimoja na mchi. Alfajiri, tukiwa kwenye lori juu ya magunia, hakugeuka nyuma. Siku ya nne baada ya hapo nyumba yake ilichomwa. Hakuna aliyemwona mchomaji. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Msimu uliofuata Maduhu alipanda mpunga kwenye majaruba yote matatu, na mwanawe anayalima hadi leo.

Bibi Minza aliishi na sisi Kirumba miaka kumi na mmoja. Tulihamia vyumba viwili kwa ajili yake. Limi alipoolewa Geita, Bibi alikataa kwenda. Alisema ameshahama mara moja, inatosha, akabaki na mimi. Tulikula sahani moja, yeye na mimi, kila jioni. Aliniita mjukuu wake mbele ya wageni. Alijifunza kuuza michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa vibichi, mlangoni, akapata marafiki, akacheka. Lakini jua likianza kuinama alifunga mlango na dirisha, hata joto liweje, na mtu akibisha baada ya hapo hakuitikia mpaka asikie sauti yangu. Mimi niliendelea na kazi, nikarithi nusu ya wateja wa Shija, nikajenga. Flashi sikuigusa tena nje, na watu wakadhani ni ufundi. Mara nyingi nilikaa na maneno mdomoni, hasa jioni zile amefunga dirisha, na kila mara nilijiambia atakufa bila kujua, na hiyo ni huruma. Alikufa kwa kifua, mwezi wa mvua, mkono wake ndani ya mkono wangu. Sikusema.

Kwa hiyo pale msibani, kwenye mkeka, wakati watu wameanza kuaga, nilimwambia Limi. Nilimwambia yote kwa mpigo, kidole chenye mate, sentensi ya Maduhu, sura kubwa kama trei, uwongo wangu mbele ya droo. Nilimwambia kwamba Shija alijua akanifichia na sasa amekwenda nayo. Nilimwambia kwamba nyumba ya bibi yake niliichoma mimi kwa mikono yangu.

Limi hakushtuka. Aliokota punje za wali kwenye mkeka, moja moja, akaziweka kwenye ukingo wa sahani.

"Bibi alijua," alisema.

"Alijuaje?"

"Maduhu alisema pale uani, naye anatwanga. Hakuwa kiziwi kiasi hicho, Editha. Alikuwa anasikia anachotaka. Aliniambia mwaka ule ule, hata mwezi haujaisha."

Miaka kumi na mmoja, jioni kwa jioni, mkono wake na mkono wangu katika sahani moja.

"Mimi nilitaka nikufukuze," Limi akaendelea. "Nilikuwa nimeshafunga nguo zako. Akanikataza. Akasema nisikuambie kamwe. Nikamwuliza kwa nini unamhurumia huyu. Akasema, 'Akijua kwamba najua, hatakura tena na mimi. Na wewe utaolewa, utaondoka. Mimi nitakura na nani?'"

Mjane wa Shija alikuwa anapita akiokota vyombo. Alinyoosha mkono achukue sahani yangu, akaona haijaguswa, akaniacha.